Chombo cha jikoni kutoka nje na umeme usiolingana: anza na kibandiko, plagi baadaye

Tosta ya kwanza niliyoiua ilikuwa yangu mwenyewe. Ilikuwa ya Marekani. Niliivalisha adapta ya plagi, nikaichomeka kwenye soketi ya volti 230, ikaingia bila ubishi. Kwa sekunde chache nyaya zake ziling'aa njano badala ya ule wekundu wa kawaida, ukasikika mlio mdogo kama uzi uliokatika, na kazi ikaishia hapo. Mkate haukubadilika hata rangi. Adapta haikuwa na kosa: kazi yake ni kubadili umbo la miguu ya plagi, na iliifanya vizuri. Umeme wenyewe ulipita kama ulivyo.

Tangu siku hiyo nimefungua vyombo vingi vilivyokufa kifo hichohicho, na karibu kila kimoja kilikuwa na onyo limeandikwa tumboni kwake. Huu ndio utaratibu ninaoufuata sasa.

Hatua ya 1: Kigeuze, usome kibandiko

Tafuta volti (V), hezi (Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde) na wati (W). Ukikuta 100-240V 50/60Hz, una bahati: chombo kinajirekebisha chenyewe na unahitaji adapta ya plagi tu. Maandishi hayo hupatikana kwenye chaja, mizani na blenda ndogo za betri. Kwenye kitu kinachopasha joto ni nadra mno.

Ukikuta 110/220V, kwa mkwaju na si kistari, tafuta swichi ndogo ya kuchagua, mara nyingi nyuma au chini, na huenda ukahitaji bisibisi kuisogeza. Isogeze kabla ya kuchomeka. Kuna watu husogeza baadaye, na hao ndio wateja wangu.

Ukikuta namba moja tu, mfano 120V 60Hz 1200W, basi ni hiyo na si nyingine. Kama wati hazijaandikwa, zidisha volti kwa ampea (A): volti 120 kwa ampea 8 ni wati 960. Andika namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya 2: Linganisha na umeme wa nyumba

Marekani na Canada hutumia volti 120 kwa hezi 60. Meksiko ni 127. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika na Asia ni kati ya 220 na 240 kwa hezi 50, lakini Korea Kusini na Ufilipino wana 220 kwa hezi 60, kwa hiyo usidhani volti kubwa huja na hezi 50 kila mara. Japani ina volti 100, na ndani ya nchi hiyohiyo mashariki ni hezi 50, magharibi hezi 60. Chanzo chake ni cha mwishoni mwa karne ya 19: Tokyo ilinunua mitambo ya Ujerumani, Osaka ikanunua ya Marekani, na hadi leo hawajapatana.

Tofauti ya 220, 230 na 240 isikunyime usingizi, vyombo vingi huistahimili. Tofauti ya 100 na 120 ndiyo inayodharauliwa bila sababu, na hesabu yake inafuata.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya joto

Kwa chombo cha kupasha joto, volti zikiongezeka mara mbili, wati huongezeka mara nne, si mbili. Birika la wati 1,500 la volti 120 likipewa 240 litavuta wati 6,000, yaani ampea 25, mpaka liungue au swichi kuu ikate. Na sufuria ya umeme ya Kijapani ya volti 100 ikipewa 120? Nguvu yake hupanda kwa asilimia 44. Haitalipuka. Itapikia moto mkali kupita kiasi, itaunguza chini, na siku moja fyuzi yake ya joto itakatika, mwenyewe aape kwamba ilikuwa inafanya kazi vizuri. Chombo cha Japani kinataka transfoma, yaani kifaa cha kubadili volti, inayotoa 100, si ile ya 110 iliyojaa kila mahali.

Ukienda kinyume, yaani chombo cha 230 kwenye nyumba ya 120, birika la wati 2,200 hubaki na wati kama 600. Haliungui, ila lita moja na nusu ya maji itakuweka jikoni karibu robo saa. Chombo chenye mota ya friji ni hatari zaidi hapo: mota hushindwa kuanza kuzunguka, husimama ikinguruma huku ikivuta umeme, na hupata moto ikiwa imesimama.

Hatua ya 4: Jua kilichomo ndani

Vyombo vya joto havijali hezi. Vinajali volti tu, ila vinakula wati nyingi, kwa hiyo transfoma yake huwa kubwa na nzito kuliko chombo chenyewe. Maoni yangu sijawahi kuyaficha: birika, tosta na kikaango cha umeme viache ulikotoka, ununue vingine unakokwenda.

Blenda na mikseri nyingi zina mota ya brashi za kaboni. Mota hiyo nayo haijali hezi, na ukiipa volti zake hufanya kazi kama kwao. Mikseri nzito ya kukandia unga uliyoizoea ndiyo inayostahili kununuliwa transfoma.

Mota zisizo na brashi, kama za friji na baadhi ya feni, hufuata hezi. Ya hezi 60 ikiwekwa kwenye 50 huzunguka polepole kwa takriban asilimia 17 na huelekea kupata joto zaidi. Transfoma hubadili volti. Hezi haizigusi, hata muuzaji aseme nini.

Maikrowevu ndiyo nisiyopenda kuhamisha. Zile zisizo za inverta (saketi ya elektroniki badala ya transfoma kubwa) zina transfoma kubwa ndani, na iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa 50 chuma chake hujaa sumaku kupita uwezo, inavuma na kuchemka. Huko Japani kwenyewe maikrowevu za zamani ziliuzwa kwa kufuata hezi za upande wa nchi. Saa yake nayo, kama inahesabu kwa hezi za umeme, itachelewa dakika kumi kila saa. Na tafadhali usiifungue: kapasita yake, kipande kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na zaidi ya volti 2,000 hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Jiko kubwa la Marekani lenye oveni, lililoandikwa 240V, lina mtego wake. Koili zinataka 240, lakini taa, saa na feni mara nyingi zinataka 120 inayopatikana kati ya waya mmoja wa moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya kule. Kwenye nyumba ya 230 nyutro ya namna hiyo haipo. Hilo si la kujaribu mwenyewe, mpe fundi umeme.

Hatua ya 5: Chagua transfoma

Kwanza jua unashusha au unapandisha. Kisha chukua zile wati ulizoandika. Kwa chombo cha joto ongeza angalau robo: wati 1,200 inataka transfoma ya 1,500. Kwa mota zidisha mara mbili, na kwa friji mara tatu, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapozunguka. Kwa maikrowevu tumia wati inazovuta, si za kupikia. Ile ya kupikia wati 1,000 huweza kuvuta 1,500.

Hakikisha namba ya kwenye transfoma ni ya kazi ya kudumu, si ya kilele cha sekunde chache. Kipimo changu cha haraka ni mkono: transfoma ya kweli ya wati 2,000 ni chuma na shaba, huinui kwa vidole viwili. Kidude chepesi cha safari kilichoandikwa wati 1,600 hakishushi umeme, kinaukatakata tu, na ukikiunganisha na mota au chombo chenye vitufe vya elektroniki utaniletea vyote viwili. Akikushauri mtu uweke diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili kupunguza nguvu, huo ni ushauri mbaya wa aina hiyohiyo.

Angalia pia tundu la tatu. Transfoma nyingi hazitenganishi umeme wa kuingia na wa kutoka, na pale ambapo plagi inaweza kugeuzwa, nyaya zote mbili za kutoka zinaweza kuwa za moto. Kama chombo kina mwili wa chuma na plagi yenye waya wa ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini), transfoma nayo lazima iupitishe ethi huo. Kukata mguu wa tatu ili plagi iingie ni kuondoa kinga pekee uliyokuwa nayo.

Hatua ya 6: Unganisha na ujaribu

Iweke transfoma mahali pakavu penye hewa, mbali na sinki na mvuke. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Iwashe ikiwa tupu, upime volti za kutoka kwa multimita (kipima umeme). Transfoma ya 220 kwa 110 kwenye nyumba ya 240 itatoa kama 120, na hiyo ni sawa kwa chombo cha 120. Zima, chomeka chombo kikiwa kimezimwa, washa transfoma, kisha chombo.

Usiweke ekstensheni nyembamba upande wa volti ndogo. Wati 1,500 kwa volti 120 ni ampea 12.5, na waya uliokuwa mzima upande mwingine hapo utayeyuka ganda. Baada ya dakika kumi na tano gusa transfoma kwa kiganja. Uvuguvugu si tatizo, mvumo mdogo pia. Ukishindwa kuacha kiganja, au ukinusa harufu ya vanishi, ni ndogo kwa kazi hiyo.

Ukimaliza izime ukutani, maana hula umeme hata isipofanya kazi. Bandika karatasi yenye volti kwenye soketi yake na kwenye plagi ya chombo. Halafu ile adapta ya plagi, ile nyepesi inayoingia bila ubishi, itoe jikoni kabisa.