Somo: Kupima mikono ya wenzo kabla hujaipachika kwenye raki yako ya nyumbani

Habari zenu ndugu wapenda vyuma. Wengi mmeniuliza kuhusu ile mikono miwili mirefu inayopachikwa kwenye nguzo za raki, yaani fremu ya chuma ya kunyanyulia uzito, kila mmoja ukiwa na bawaba upande mmoja, na upande wa pili mahali pa kuwekea sahani za uzito na kishikio cha kushika. Ndiyo mikono ya wenzo. Inapendwa kwa sababu kifaa kimoja kinakupa kusukuma kifua, kusukuma juu ya kichwa, kuvuta mgongo, skwati na kuinua mabega, na unapochoka unaiachia ikae kwenye kizuizi bila upau (kile chuma kirefu cha kubebea sahani) kukulalia kifuani. Kwa anayefanya mazoezi peke yake chumbani, hilo si jambo dogo.

Kabla ya kuagiza yangu nilisoma orodha ya mazoezi ishirini na kitu, nikavutiwa, nikalipa. Ilipofika, pini zake zilikuwa za milimita 16 na matundu ya raki yangu ni ya milimita 25. Ilining'inia ikichezacheza kama jino bovu. Nikatafuta bushi, yaani pete ya kujaza nafasi kati ya pini na tundu, nikapachika, halafu nikagundua kuibadilisha kutoka urefu mmoja hadi mwingine kunanichukua dakika nane. Ikakaa ukutani karibu mwaka mzima. Kwa hiyo hatua ninazowapa hapa ni zile ambazo ningependa mtu anishike mkono anipitishe siku ile.

Hatua ya kwanza: andika mazoezi mawili

Usiandike ishirini. Chukua karatasi, andika mazoezi mawili ambayo utayafanya kwa mikono hii kila wiki, na ambayo upau wako wa kawaida hauyafanyi vizuri. Kwangu ni kuvuta mgongo huku kifua kimeegemea benchi, na kusukuma kwa mkono mmoja mmoja. Ukikosa mawili, ishia hapa, ununue sahani zaidi. Uwezo wa kifaa kufanya mengi haukusaidii kitu kama hayo mengi wewe huyafanyi.

Hatua ya pili: pima raki yako, usiamini jina lake

Hapa ndipo wengi tunaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pima kwanza unene wa nguzo kwa nje, pande zote mbili. Raki nyingi ni za bomba la inchi 2 kwa 2, au 2 kwa 3, au 3 kwa 3. Inchi 3 ni milimita 76.2. Lakini zipo raki zinazotengenezwa kwa vipimo vya metriki, zenye nguzo za milimita 60, 75 au 80. Kishikizo, yaani sehemu ya mkono inayoikumbatia nguzo, kilichotengenezwa kwa nguzo ya 75 kinaweza kukwama kwenye nguzo ya 76.2 au kuichubua rangi, na cha 80 kitaingia lakini kitacheza karibu milimita 4. Kucheza huko ukiwa umebeba sahani utakusikia hadi kwenye meno.

Pili, kipenyo cha tundu. Vipenyo viwili ndivyo vilivyoenea: inchi 5/8, ambayo ni karibu milimita 16, na inchi 1, ambayo ni milimita 25.4. Tumia kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, ukiwa nayo. Huna? Tafuta bolti ambayo kipenyo chake unakijua, uiingize tunduni uone.

Tatu, nafasi kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya linalofuata. Raki za inchi huwa na inchi 2, yaani milimita 50.8. Za metriki huwa na milimita 50 kamili. Utasema tofauti ya 0.8 ni ya nini? Kwa kifaa chenye pini moja, si kitu. Kwa kifaa chenye pini mbili zilizoachana nafasi tano, tofauti imeshafika milimita 4, na pini ya pili haiingii. Kwa hiyo usipime nafasi moja tu. Pima nafasi kumi kwa pamoja, kisha gawa kwa kumi. Ukipata 508 ni inchi, ukipata 500 ni metriki.

Nne, angalia kama nguzo ina matundu ubavuni au mbele na nyuma tu. Mikono mingine hufungwa kwa pini inayopita ubavuni, na mwenye raki isiyo na matundu hayo hana la kufanya.

Tano, unene wa chuma chenyewe. Nguzo nzito huwa na ukuta wa karibu milimita 3, nyepesi karibu 2. Mikono mirefu inaipinda nguzo kwa namna ambayo upau uliolala kwenye kulabu hauipindi, kwa hiyo kwenye ukuta wa milimita 2 mimi nasita sana.

Hatua ya tatu: chora nafasi sakafuni

Mikono ina urefu wa mita moja hivi na zaidi, na yote iko mbele ya raki. Funga kamba kwenye nguzo kwa urefu wa mkono unaoutaka, uivute mbele, uizungushe juu na chini kama bawaba itakavyofanya. Angalia dari, taa, mlango, na mahali benchi litakapokaa. Kumbuka pia upana wa sahani kwa upande wa nje.

Hatua ya nne: jua uzito utakaousikia

Sahani ya kilo 20 kwenye mkono wa wenzo haiwi kilo 20 kiganjani. Hesabu ni ile ya egemeo tuliyofundishwa shuleni. Pima umbali kutoka bawaba hadi sahani, uugawe kwa umbali kutoka bawaba hadi kishikio. Tuseme sahani iko sentimita 90 na kishikio sentimita 120. Hapo 90 kwa 120 ni robo tatu, kwa hiyo kilo 20 zinakuwa 15. Kishikio kikiwa karibu na bawaba kuliko sahani, mambo yanageuka: sahani iko 100, kishikio 80, kilo 20 zinakuwa 25.

Ongeza uzito wa mkono wenyewe. Mkono wa kilo 12 ambao kitovu chake cha uzito kiko sentimita 60 kutoka bawaba unakupa kilo 6 kwenye kishikio cha sentimita 120, kabla hujaweka sahani hata moja. Jumla katika mfano wetu wa kwanza ni kilo 21 kila mkono. Kwa anayeanza, au anayerudi baada ya kuumia bega, huo uzito wa mwanzo ndio swali la kuuliza kabla ya yote. Muulize muuzaji mkono mtupu una kilo ngapi.

Na uzito hausikiki sawa njia nzima. Ukisukuma kwa kufuata mduara wa mkono, uzito ni mkubwa mkono ukiwa umelala sambamba na sakafu, na unapungua kadiri unavyopanda. Ukifika nyuzi 45 umebaki kama asilimia 71. Mimi hupanga bawaba ili sehemu ninayotaka kuifanyia kazi ikutane na mkono uliolala. Jambo hili pekee linaweza kuwa sababu ya kuununua, kwa sababu upau wa kawaida haukupi uchaguzi huo.

Hatua ya tano: raki isikupindukie

Hii isomeni mara mbili. Mikono ikiwa imepumzika kwenye kizuizi chake, uzito wote unaning'inia mbele ya raki. Chukua raki ya kilo 90, kina chake sentimita 120, kitovu cha uzito katikati. Kinachoizuia kuanguka mbele ni kilo 90 mara mita 0.6, yaani 54. Upande wa pili, mikono miwili ya kilo 12 kwa sentimita 60 ni 14.4, na sahani mbili za kilo 20 kwa sentimita 90 ni 36. Jumla 50.4. Raki imesimama, lakini kwa shida. Ongeza kilo 5 tu kila upande inakuwa 59.4, na raki inakuja mbele pamoja nawe. Na hapo sijahesabu kishindo cha kuiachia mikono kwa nguvu.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kufunga raki kwenye sakafu ya zege kwa bolti za kutanuka. Ya pili ni kuhifadhi sahani zako kwenye nguzo za nyuma: kilo 80 zikikaa sentimita 120 nyuma ya ukingo wa mbele zinaongeza 96 kwenye ile 54, na hapo unalala usingizi. Ukitegemea njia hii ya pili, usizitoe sahani za nyuma zote kwenda kuzitumia mbele. Nimemwona rafiki akifanya hivyo, raki ikainuka miguu ya nyuma. Tulikuwa wawili, tukaishika.

Hatua ya sita: pima muda wa kubadilisha

Tafuta video ambayo mtu anahamisha mikono kutoka urefu wa benchi hadi urefu wa mabega bila kukata picha. Hesabu sekunde. Ile yenye kigari kinachoteleza kwenye nguzo na pini ya springi huhama haraka. Yenye bolti na nati za kufungua kwa spana utaiacha mahali pamoja, na mahali pamoja panakupa zoezi moja.

Hatua ya saba: siku ya kwanza

Kagua viungo vilivyochomelewa. Hakikisha kuna plastiki ngumu upande wa ndani wa kishikizo, la sivyo chuma kitakula rangi na kutu itafuata. Pachika, sukuma mitupu mara kumi, weka kilo 5 kila upande, kaza tena, kisha panda polepole. Pini iwe imetokeza upande wa pili wa nguzo kabla hujasogea.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Raki yangu ni ndogo, ya inchi 2 kwa 2 na chuma chembamba. Ndiyo basi?*

Kwa mikono hii, ndugu yangu, nakushauri uache. Lakini bado una mengi. Weka egemeo la upau, lile tundu linalozunguka sakafuni ambamo unachomeka ncha moja ya upau mrefu. Upau wa kilo 20 utausikia kama kilo 10 hivi kwenye ncha ya pili, na raki haibebi mzigo mkubwa. Unaweza kuvuta mgongo, kusukuma bega moja, na kufanya skwati ukiwa umeushika kifuani. Kama ningekuwa na nafasi moja na fedha kidogo, ningeanza na hicho.

*Kaka, fundi wangu ana drili. Je, nitanue matundu ya 16 yawe 25?*

Hapana kaka, nakusihi. Uso wa nguzo wa milimita 50 wenye tundu la 16 umebakiwa na chuma cha milimita 34. Ukitanua hadi 25 unabaki na 25, umekata zaidi ya robo ya kilichokuwa kinakubeba, tena tundu kwa tundu. Kinyume chake kinawezekana: kama tundu ni la 25 na pini ya 16, mwambie fundi akuchongee bushi ya chuma inayobana vizuri. Plastiki laini au mpira havifai.

*Mimi ni dada ninayefanya mazoezi nyumbani usiku watoto wakilala. Mikono hii ina kelele?*

Ina kelele ikiachiwa juu ya kizuizi, dada. Tafuta yenye mpira pale inapotua, na ushushe kwa kuhesabu hadi tatu. Jambo jingine ni bawaba: bushi kavu hulia. Tone la mafuta linatosha.

*Kwa nini usitushauri mnara wa kapi, ule wa kebo zinazopita kwenye magurudumu? Nao si unafanya mengi?*

Unafanya, na kwa kuvuta kutoka juu mikono ya wenzo haiufikii. Kama mazoezi yako mawili ya hatua ya kwanza ni ya kuvuta chini na kunyoosha mikono nyuma, nunua kapi. Ila uliza uwiano wake. Kapi ya mbili kwa moja inakupa nusu ya uzito kiganjani, kwa hiyo kilo 60 utazisikia kama 30, ingawa kebo inatoka ndefu zaidi. Wengi hununua wakidhani sahani zao zinatosha, kumbe kwa kuvuta mgongo hazitoshi.

*Nikisukuma kifua, mkono wa kushoto nausikia mzito kuliko wa kulia. Tatizo ni mimi au kifaa?*

Hamisha mikono ya wenzo: wa kushoto uende kulia. Uzito ukihama nao, tatizo ni bawaba, labda imekazwa kupita kiasi au bushi imekaa upande. Ukibaki kushoto, hakikisha kwanza vigari viwili viko tundu moja kwenda juu na chini, kwa sababu kosea tundu moja tu na utashindwa kusukuma sawa. Vikiwa sawa na bado kushoto ni kuzito, basi ni mkono wako mwenyewe. Anza seti kwa kushoto, na kulia kusizidi idadi ambayo kushoto kumeiweza.