Jinsi ya Kutambua kama Mbegu Uliyoihifadhi ni Tasa, Chotara au Imekufa

Masika yanapokaribia, wakulima wengi wa Kisauni na Likoni huuliza kama mahindi ya pakiti yametiwa utasa ili walazimike kununua mbegu kila mwaka. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Machi 1998, kampuni ya Delta and Pine Land pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani zilipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya njia ya kubadili jeni za mmea: mbegu inayouzwa huota na kuzaa vizuri, lakini jeni ya sumu huamka wakati punje za mavuno zinakomaa na kuua kiini chake, hivyo ukizipanda hazimei. Mwaka 1999 kampuni kubwa ya mbegu ya Monsanto iliahidi kutoiingiza sokoni, na Mei 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai, yaani wa kulinda aina mbalimbali za viumbe, zikikutana hapa kwetu Nairobi, zilipendekeza isiidhinishwe kwa kilimo. Mbegu hiyo haijawahi kuuzwa popote, kwa hiyo punje zako zikikataa kuota, tafuta sababu iliyo karibu zaidi.

Anza na pakiti. Kwangua lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, na utume nambari yake kwa 1393 ili kuthibitisha kwamba mbegu ni halali, kisha usome jina la aina. PH4, yaani Pwani Hybrid, ni chotara: mbegu iliyopatikana kwa kuchanganya wazazi wa aina tofauti. Coast Composite si chotara, na mbegu yake unaweza kuirudia.

Kisha pima unyevu, ambao kwa hewa yetu ya pwani ndio adui mkubwa. Tia mbegu kiasi katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa, na usubiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu bado ni mbichi mno kuhifadhiwa, basi zianike tena. Mimi niliwahi kupoteza debe zima kwa kulifungia kwenye mfuko wa plastiki kabla halijakauka. Nilipolifungua, punje zilikuwa na ukungu wa kijani kwenye ncha, pale hasa kiini kinapokaa.

Sasa jaribu uotaji. Hesabu punje 100 bila kuchagua zilizo nzuri, zipange juu ya kipande cha leso kilicholowa, kikunje na ukiweke kivulini, ukikinyunyizia maji kila siku. Hesabu zilizoota siku ya nne na ya saba. Ni muhimu uweke kando punje nyingine za aina hiyohiyo ambazo una hakika ni mpya, upate cha kulinganisha. Zikiota zile mpya na zako zikaoza, zako zimekufa kwa joto, unyevu au fukusi.

Punje ulizovuna kutoka kwa chotara zitaota, na hapo ndipo wengi hukosea, kwani kasoro yake huonekana shambani: shina moja refu, jirani yake fupi, magunzi yasiyolingana na mavuno yaliyopungua. Huo si utasa, ni jeni za wazazi wawili zinazogawanyika upya katika kizazi cha pili. Ukitaka kurudia mbegu, panda Coast Composite mita 200 au zaidi kutoka kwa mahindi mengine, na uchague magunzi ya katikati ya shamba, kutoka kwa mashina mengi yenye afya.