Somo: Kuchagua mbegu, kutotoa mayai na kulea vifaranga katika joto la Malindi

Assalaam aleikum, na kwa wenzetu wengine, hamjambo. Wanachama kadhaa wameniuliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini mayai yao yanamea vyema hadi siku ya 18, kisha vifaranga wanafia ndani? Nimeona ni bora niandike somo zima kuliko kumjibu kila mmoja peke yake.

Kosa hilo nalijua kwa kuwa nililifanya. Mashine yangu ya kwanza ya kutotolea ilikuwa ya mayai 60, nami niliiwekea maji kama karatasi yake ilivyoagiza, vyombo vyote viwili vikijaa tangu siku ya kwanza. Siku ya 21 walitoka vifaranga 11. Nilipoyavunja mayai yaliyobaki niliwakuta vifaranga waliokamilika, wenye manyoya na kucha, wamelowa chepechepe, na mdomo haujatoboa nafasi ya hewa. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wamezama. Maagizo yale yangemfaa mtu wa Nairobi au Naivasha, na nitaeleza kwa nini hayakunifaa mimi hapa Ganda, Malindi.

Hatua ya kwanza: mbegu

Kabla ya kuuliza ni kuku gani anayetaga sana, uliza ni yupi atakayestahimili Machi, wakati wa tangambili, upepo wa kaskazi ukiwa umelegea na ule wa kusi haujaanza. Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi na kwa kutoa joto kupitia upanga wa kichwani, miguu na ngozi isiyofunikwa. Kwetu hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo hata kule kuhema hakumsaidii kama kungemsaidia kuku wa sehemu zenye hewa kavu.

Kwa sababu hiyo mimi humpa daraja la juu kuku wa kishingo, ambaye watu wengi humdharau kwa sura yake. Ana manyoya pungufu kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 40 kuliko mwenzake wa kawaida, na shingo yake tupu ni dirisha la kutolea joto. Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja kuelekea nje, naye hupitisha hewa vizuri. Wateja wa mjini wakisema kishingo anafanana na mgonjwa, muuze akiwa amekwisha kuchinjwa.

Kuchi, kuku wetu mrefu wa Lamu mwenye kifua kilichosimama, ni wa nyama na wa fahari zaidi kuliko wa mayai. Kuku wa kienyeji wa kawaida hutaga mayai 12 hadi 15 kwa awamu, kisha huatamia, na kwa mwaka jumla yake huwa kati ya 40 na 60. Kienyeji walioboreshwa na taasisi ya utafiti ya KALRO huko Naivasha, pamoja na Kuroiler ambaye asili yake ni India, hutaga zaidi na hukua haraka, lakini wamepoteza tabia ya kuatamia, na wanahitaji kuongezewa chakula cha kununua. Tena usitotoe mayai ya Kuroiler ukitarajia kupata Kuroiler mwingine, kwani ni chotara, na watoto wake hurudi nyuma.

Shauri langu kwa anayeanza ni awe na koo (majike wa kutaga) wanane wa kienyeji, watatu kati yao wakiwa wa kishingo, na jogoo mmoja asiyetokana na kundi hilo.

Hatua ya pili: mayai kabla ya kuatamishwa

Hapa ndipo wengi wetu wa Pwani tunapopoteza vifaranga bila kujua, kwa sababu hasara hutokea kabla mashine haijawashwa. Vitabu husema yai la kutotolea linaweza kukaa siku saba, na ni kweli, iwapo limehifadhiwa kwenye nyuzi joto 15 hadi 18. Joto likipita takriban nyuzi 24, kiinitete, yaani mwanzo wa kifaranga, huanza kukua polepole, kwa unyonge, bila kufikia joto linalomtosha. Chumba cha Malindi huwa na nyuzi 28 au 30 mchana. Yai lililokaa siku sita juu ya kabati lako limekuwa likijaribu kuwa kifaranga kwa siku sita, na unapolitia kwenye mashine tayari limechoka.

Kwa hiyo kusanya mayai mara tatu kwa siku, usiyaache kiotani hadi magharibi. Yaweke ncha iliyochongoka ikielekea chini, katika chumba cha chini chenye ukuta mnene na paa la makuti, mbali na bati. Usiyaweke zaidi ya siku tatu au nne. Wengine hutumia mtungi uliozungushiwa mchanga mbichi. Unasaidia, lakini katika hewa yenye unyevu kama yetu hupunguza nyuzi mbili tatu tu, basi usiutarajie ufanye kazi ya friji. Ni afadhali kutotoa mayai 20 mabichi kuliko kungoja yafike 60.

Yai lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Kuliosha ni kuyaingiza maji machafu ndani ya matundu ya ganda.

Hatua ya tatu: mashine na maji yake

Joto la mashine yenye feni ni nyuzi 37.5 hadi 37.7. Mashine isiyo na feni huhitaji takriban 38.5, na kipimajoto kilale sawa na mgongo wa mayai. Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha yaachwe.

Sasa maji. Yai linatakiwa lipoteze kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake kufikia siku ya 18, ili nafasi ya hewa ipanuke na kifaranga apate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Unyevu unaotakiwa ndani ya mashine katika siku hizo ni karibu asilimia 45 hadi 55. Hewa ya Malindi yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 37.7, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 46 yenyewe, bila tone la maji. Hewa ya Nairobi yenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 60, ikipashwa vivyo hivyo, hushuka hadi karibu asilimia 24. Mtu wa Nairobi lazima ajaze maji. Wewe ukiyajaza, yai halikauki, nafasi ya hewa inabaki finyu, na kifaranga anazama.

Siku hizi mimi huanza na mashine kavu kabisa, au na chombo kimoja kidogo wakati wa kaskazi ikiwa hewa ni kavu. Siku ya 18, baada ya kugeuza mara ya mwisho, ndipo hujaza vyombo vyote ili unyevu upande hadi asilimia 65 au 70 na utando usimgande kifaranga. Uhakika hutoka kwenye mizani ya jikoni: mayai kumi yenye gramu 450 siku ya kwanza yawe karibu gramu 395 siku ya 18.

Mulika mayai usiku wa siku ya saba. Zima taa, weka tochi kwenye ncha butu, nawe utaona mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui, na katikati doa jeusi linalotikisika. Lililo jeupe tupu halina mbegu ya jogoo. Lenye duara la damu limekufa. Chora kwa penseli mstari wa nafasi ya hewa, urudie siku ya 14 na ya 18. Mistari hiyo mitatu itakufundisha zaidi ya maelezo yangu.

Hatua ya nne: vifaranga na banda

Juma la kwanza vifaranga huhitaji nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza nyuzi mbili au tatu kila juma. Mwezi wa Machi chumba chenyewe huwa na 32 saa saba mchana, basi zima taa ya kuwapa joto na uiwashe usiku. Wakijikusanya na kulia wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo wanaona joto mno. Anayetumia jiko la makaa aache pa kupitia hewa, kwa maana gesi yake haionekani na huua.

Ubavu mrefu wa banda utazame kaskazini na kusini, ili jua lipige ncha fupi na pepo zote mbili zipite. Boriti, fito, waya na makuti vinatosha. Maji yawe kivulini na yabadilishwe adhuhuri, kwani katika joto kali kuku hunywa maradufu.

Chanjo ya kideri, au Newcastle, haina mjadala: juma la kwanza, irudiwe juma la tatu, kisha kila miezi mitatu. Ile aina ya I-2 ya matone ya jichoni hustahimili joto kuliko nyingine, lakini nayo isipigwe na jua.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mpeketoni: Maalim, je, nikiweka mayai kwenye friji nitapata siku saba hizo?

Jibu: Friji ya nyumbani huwa karibu nyuzi 4, na baridi hiyo inaweza kuua kiinitete. Isitoshe, ukiyatoa katika hewa yetu hutoka jasho, na jasho hilo huingiza vijidudu. Ikiwa una friji inayoweza kupandishwa hadi nyuzi 15, sawa. Yafunike kwa kitambaa unapoyatoa, uyaache saa kadhaa kabla ya kuyaatamisha.

Swali kutoka Watamu: Shikamoo maalim. Umeme ulikatika saa tano nzima siku ya 16. Niyatupe?

Jibu: Marahaba mwanangu, usiyatupe. Katika umri huo mayai hujitengenezea joto. Siku nyingine usifungue mfuniko, funika mashine kwa blanketi, ila uache matundu ya hewa wazi. Mimi naogopa zaidi joto kupita nyuzi 40 kwa saa chache kuliko kupoa.

Swali kutoka Shela, Lamu: Ami, nimempandisha jogoo wa kuchi kwa makoo ya kienyeji. Nimekosea?

Jibu: Hujakosea, utapata nyama nzuri. Lakini watenge mapora (majogoo wachanga) mapema, wakifika miezi mitatu, la sivyo utaamka ukute macho yametobolewa.

Swali kutoka Muyeye: Machicha ya nazi yanaweza kuchukua nafasi ya chakula cha kununua?

Jibu: Hapana, dada yangu. Wape yaliyokunwa siku hiyo hiyo, yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula. Yaliyolala huota kuvu, na sumu ya kuvu huharibu ini. Kwa vifaranga chini ya wiki nane, wape chakula chao chenye protini ya asilimia 18 hadi 20.

Swali kutoka Gede: Leo ni siku ya 14, nimemulika, na nafasi ya hewa haijasogea sana kutoka mstari wa siku ya saba. Nina vyombo viwili vya maji.

Jibu: Toa vyombo vyote viwili sasa hivi, ufungue matundu ya hewa hadi mwisho, na uendelee kugeuza kama kawaida. Siku ya 18 mulika tena na uchore mstari, kisha uniandikie kabla hujarudisha maji.