Paa la mianzi la kuhifadhi boti masika: tunavyofanya Matema

Mvua ya Kyela haitaki kusimuliwa sana. Wilaya yetu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inamwagika kati ya Machi na Mei. Sasa piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, yaani kilo moja. Boti yangu ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.6 pale katikati. Ikilala wazi hapa ufukweni Matema, kwenye Ziwa Nyasa, mvua ya usiku mmoja ya milimita 50 inaingiza zaidi ya lita 300. Ni sawa na watu wanne au watano wamekaa humo hadi asubuhi, na boti haiko majini bali juu ya magogo mawili. Mbao zinapinda, misumari inalegea, na wewe umelala tu.

Boti yenyewe ni ya mbao. Kiangazi inapeleka wageni kijijini Ikombe kuwaona akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu, na Jumamosi inaleta vyungu sokoni Lyulilo. Mvua ikikolea wageni wanaadimika, ziwa linaanza kupanda, basi naivuta juu. Ninaposema naivuta mnielewe: vijana wanavuta, mimi natoa maelekezo na chai.

Watu wengi hapa wanafunika boti zao, sikatai. Tatizo ni namna ya kufunika. Jirani yangu mmoja alilaza nailoni nyeusi moja kwa moja juu ya boti, akaikaza kwa kamba kuzunguka kote, hata panzi asingepenya. Mvua haikuingia tone. Alipofungua mwezi wa sita, ndani kulikuwa na ukungu mweupe kila kona, na ubao wa sakafu ulikuwa laini hadi kidole kinazama. Mchana jua linapiga nailoni, unyevu uliomo kwenye mbao na unaotoka ardhini unageuka mvuke. Usiku hewa ya baridi inashuka kutoka Milima ya Livingstone, nailoni inapoa, mvuke unageuka matone na kurudi kulekule kwenye mbao. Kesho hivyohivyo. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, na pale walipikiwa wakaandaliwa hata meza. Kwa hiyo ninachowaambia ni kujenga paa lenye mgongo, lililo juu ya boti, linalopitisha hewa huku na huku. Turubai lisilale juu ya boti.

Mgeni mmoja Mjerumani aliyefikia hapa ufukweni aliniambia kwao wanafunika boti kuanzia Oktoba kwa sababu ya theluji. Nikamwonyesha paa langu, akasema ni lilelile: mgongo katikati, mteremko mkali, uwazi kwenye ncha zote mbili. Theluji au mvua, uzito ni uzito.

Mahali pa kuilaza

Ziwa Nyasa hupanda karibu mita moja kati ya mwisho wa kiangazi na mwisho wa mvua, na kilele chake hakiji mvua kubwa inapoanza bali mwishoni mwake, mwezi wa tano hivi, mito ikishamaliza kuleta maji. Mita moja kwenda juu kwenye ufukwe tambarare kama wetu ni hatua nyingi kwenda nchi kavu. Usipime kwa macho ya Februari. Uliza wazee mawimbi yalifika wapi miaka ya mafuriko, kisha vuka hapo.

Elekeza pua ya boti ziwani. Upepo wa Mwera unavuma kutoka kusini, unakuja na urefu wote wa ziwa mgongoni mwake, na sisi tuko kwenye ncha ya kaskazini ambako hakuna cha kuuzuia. Ukiilaza boti ubavu kwa ziwa, turubai linageuka tanga. Na usiilaze chini ya mwembe au mnazi, sababu unaijua.

Magogo mawili manene yanatosha kwa boti ya mita 6, moja robo ya urefu kutoka mbele na jingine robo kutoka nyuma, mkuku, ule uti wa chini wa boti, ukae juu ya yote mawili. Kila gogo liweke juu ya mawe bapa, lisiguse udongo. Hapo ndipo watu wananiona nina makuu, lakini mchwa hawapendi mwanga. Wakitaka kupanda lazima wajenge handaki la udongo juu ya jiwe, na handaki hilo utaliona na kulibomoa kwa kijiti. Gogo likilala ardhini wanapanda kwa ndani, nawe utajua siku ubao unapotoboka. Mbele iwe juu kuliko nyuma kwa shubiri moja, toa kizibo cha nyuma cha kutolea maji, na kizibo hicho kifunge kwa uzi kwenye kasia ulilohifadhi nyumbani. Kila mwaka kuna mtu anazunguka kijijini mwezi wa sita akiuliza nani ameona kizibo chake.

Mianzi

Huku kwetu mianzi si shida, nyumba za Kinyakyusa za zamani zilijengwa nayo. Chagua iliyokomaa, ya miaka mitatu kwenda juu. Mwanzi mchanga una utamu ndani na bungua wanaupenda. Ukiwa na nafasi, ilaze mianzi ziwani wiki tatu au nne ukiwa umeifunga kwa mawe. Maji yanatoa ule utamu, na ukiitoa unaikausha kivulini. Usipofanya hivyo fremu itadumu msimu mmoja. Ukifanya, utaitumia tena na tena.

Unahitaji mwanzi mmoja mrefu wa mgongoni, uzidi boti kwa nusu mita kila upande. Kwa boti yangu ni mita 7. Unabebwa na miti mitatu yenye panda, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma. Miti hii inasimama ndani ya boti. Chini ya kila mguu weka kipande cha ubao kinacholala juu ya mataruma (mbavu za boti) mawili, ili uzito usikae sehemu moja, kisha funga mti kwenye ubao wa kukalia. Hakuna msumari hata mmoja unaoingia kwenye boti. Fundi wako atataka kupiga msumari, mafundi ndivyo walivyo. Mkatalie kwa heshima.

Kimo cha mgongo ndicho kiini cha kazi yote. Pima upana wa boti mahali inapopanuka zaidi, gawa kwa mbili, na hicho ndicho kimo cha mwanzi wa mgongoni kutoka usawa wa ukingo wa boti. Boti yangu ina upana wa mita 1.6, kwa hiyo mgongo uko sentimita 80 juu ya ukingo. Hapo unapata mteremko wa nyuzi 45 na maji hayana muda wa kufikiri. Fundi wangu alitaka tupinde fito ziwe upinde, kama zile za nyuma ya lori. Ni nzuri kutazama. Lakini upinde una sehemu bapa pale juu, na pale bapa ndipo maji yanapokaa. Yakikaa turubai linabonyea, likibonyea yanaongezeka. Dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 5 tu ni kilo 50. Nikamwambia, "Fundi, lori linatembea na kumwaga maji njiani, hii imelala." Tukaweka fito zilizonyooka.

Pasua mianzi iliyobaki upate fito za upana wa vidole vitatu. Kila sentimita 60 weka fito moja kila upande kutoka mgongoni hadi ukingoni, na izidi ukingo kwa kiganja ili turubai lisimame mbali na ubavu. Halafu fito mbili za kulala kila upande, kutoka mbele hadi nyuma, zikikatiza zile za kwanza. Funga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za matairi. Kamba ya katani inalegea ikikauka na kukaza ikilowa, mpira haujali.

Ubavu wa mwanzi uliopasuliwa ni kisu. Kabla ya turubai kugusa chochote, pitisha mkono kote (polepole!) na kila panapokwaruza, kila kichwa cha mti na kila fundo, vika kiroba kikuukuu na ufunge. Mgongo mzima uvishe viroba. Turubai huanza kuchanika mgongoni kwa sababu ndipo linaposuguliwa na upepo usiku kucha.

Turubai

Usinunue kwa kukisia. Chukua kamba, mtu mmoja aishike sentimita 60 chini ya ukingo upande wa kulia, ipande juu ya fremu, ishuke hadi sentimita 60 chini ya ukingo wa kushoto. Urefu wa kamba hiyo, ongeza kidogo kwa ajili ya kukunja pindo, ndio upana wa turubai. Kwangu ilitoka karibu mita 3.5, nikanunua la mita 4 kwa 8.

Yale mepesi ya bluu yanayouzwa kila duka ni sawa kwa kuanikia mpunga wiki moja. Ukiyaacha juani miezi mitatu yanaanza kumomonyoka, vipande vinaruka na kuishia ziwani, halafu tunashangaa kukuta plastiki tumboni mwa samaki mbasa. Tafuta turubai la lori. Barabara ya Mbeya kwenda Tunduma imejaa malori, na maturubai ambayo hayafai tena kwa safari ya Zambia yanafaa sana kwa boti iliyolala. Likague juani ukiwa chini yake, nuru ikipenya kama nyota weka alama hapo na ushone kiraka. Kiraka kishonwe juu, ukingo wake wa juu uwe karibu na mgongo wa paa, ili maji yasitafute njia ya kuingia chini yake.

Turubai la mtumba mara nyingi limepoteza matundu yake ya kufungia. Nenda ufukweni okota kokoto laini zenye ukubwa wa yai. Weka kokoto chini ya turubai, likunjie turubai, kisha funga kamba shingoni mwa lile fundo kwa nje. Huna haja ya kutoboa, na halichaniki kirahisi, kwa sababu nguvu inasambaa kuzunguka jiwe badala ya kukaa kwenye tundu moja.

Kamba zote zipite chini ya mkuku kutoka upande mmoja hadi mwingine. Zisifungwe kwenye magogo. Mwera ukiliinua turubai utavuta gogo, gogo likisogea boti inalala ubavu. Mimi kila baada ya mita moja naweka kipande cha mpira wa tyubu katikati ya kamba, upepo ukivuta kinatoa na kurudi. Mwenye boti nzito anaweza kuning'iniza madumu ya lita 5 yaliyojaa maji kwenye pindo badala ya kufunga chini, ila yanapiga ubavu na kukwangua rangi.

Sasa ncha. Mbele, kwa kuwa ndiko upepo unakotoka, teremsha turubai hadi chini lakini acha pembetatu wazi pale juu chini ya mgongo, ukubwa wa sinia, na mgongo uliozidi uifunike kama kofia. Nyuma acha wazi kabisa, uweke wavu mkuukuu wa kuvulia. Wavu huo ni wa lazima. Bila wavu kuku watataga humo, na mwenye kuku atakudai mayai.

Msimu ukiendelea

Baada ya mvua kubwa ya kwanza toka uangalie. Penye dimbwi ongeza fito, usikaze kamba tu. Ingiza mkono ndani mchana: kukiwa na joto zito na harufu ya uvundo, panua uwazi wa mbele. Mchwa, kila wiki.

Injini haikai humo. Ipeleke nyumbani, isimame wima, na kabla ya kuizima kwa mara ya mwisho funga njia ya mafuta uiache ijizimie yenyewe. Petroli ikikaa kwenye kabureta inaacha gundi.

Mwenye boti ya fiberglasi naye ajenge paa hilihili. Yake haiozi, lakini jua linafubaza rangi hadi inatoa unga mkononi, na madimbwi ya ndani yanazalisha mbu.

Mvua zikikatika usikimbilie kuondoa paa. Jua la Juni linakausha mbao upesi na mishono inafunguka. Acha kivuli hadi siku chache kabla ya kushusha boti, kisha rudisha kizibo, mimina ndoo kadhaa za maji ndani na utandaze magunia yaliyolowa, mbao zivimbe na kubana. Mwanga unaopenya kwenye mshono baada ya hapo ni kazi ya fundi na pamba yake ya kuziba.

Turubai lioshe, likauke pande zote mbili, likunje na ulitundike darini mbali na panya. Watakuja kuliazima la kuanikia kakao. Mimi naazima kwa sharti moja, lirudi halina utomvu wa kakao, kwa sababu panya wanaufuata, na la mwaka jana lilirudi na shimo la kupitisha mguu.