Bwate otomatiki ikianza kuteleza
Wenye pikapu za zamani za dizeli, zile za otomatiki, hapa Bukavu: bwate (sanduku la gia) ikianza kuteleza au kuchelewa kubadili vitesi (gia), msikubali ishushwe kabla ya kupima mafuta yake. Tafuta mahali tambarare (hapo ndipo penye kazi, kwa milima yetu), injini iwe ya moto na inazunguka, mkono wa gia uwe kwenye P (ya kuegesha), ndipo uchomoe kijiti cha kupimia mafuta ya bwate. Mekundu ni mazima. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, diski za ndani zinaisha. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji ya radiata yameingia. Zima gari papo hapo. Halafu angalia kebo inayotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda bwate. Ikilegea au ikikazwa mno, vitesi huvurugika, na kuirekebisha ni kazi ya spana tu.