Presha ya macho: kupimwa mapema na kutia dawa isiende bure

Glakoma, ambayo wengi Kisumu na Nakuru huiita presha ya macho, mara nyingi haiumi wala haiwashi. Hula neva inayopeleka picha kwenye ubongo, ikianzia pembeni mwa uoni, huku katikati kukibaki safi kwa miaka. Ndiyo maana mtu husoma herufi zote ukutani kwenye duka la miwani na bado ni mgonjwa. Uoni uliopotea haurudi. Dawa huzuia tu usipotee zaidi.

Ukifika miaka 40, au mapema ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja anaugua, nenda kliniki ya macho: Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, hospitali ya rufaa ya Nakuru, au Sabatia kule Vihiga. Omba upimwe presha ya jicho (kawaida ni 10 hadi 21 kwa kipimo cha mmHg), neva iangaliwe, na upana wa uoni upimwe pia. Presha peke yake haitoshi, kwani wapo wanaougua wakiwa na 16. Ukitiwa dawa ya kupanua mboni, jua litakusumbua kwa saa kadhaa, kwa hiyo usijiendeshee pikipiki.

Wengi hukosea kwenye matone. Nawa mikono, inua uso, vuta kope ya chini ifanye kimfuko, kisha dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Tone la pili halina pa kukaa, litateremka shavuni pamoja na pesa zako. Fumba jicho polepole bila kupepesa, ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Usipobonyeza, dawa hupitia puani na kuingia kwenye damu. Timololi, mojawapo ya dawa za matone za glakoma, ikifika huko inaweza kumbana kifua mwenye pumu, basi mwambie daktari kuhusu pumu kabla hajakuandikia. Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika tano kati yake.

Latanoprosti, dawa nyingine ya matone ya glakoma, hutiwa mara moja jioni. Chupa ya mililita 2.5 ina matone takriban 80. Ikikuishia baada ya wiki mbili, unamwaga. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Huna friji? Nunua chupa moja moja. Andika tarehe ya kuifungua, uitupe baada ya wiki sita, na usiiweke karibu na mabati: joto la Kisumu huiharibu.

Usijinunulie matone yenye steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe na mwasho) kwa ajili ya macho kuwasha. Yakitumika muda mrefu hupandisha presha, hata kwa watoto.

Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kwenye taa na kutapika, usingoje kesho. Hiyo ni aina ya glakoma inayoweza kupofusha kwa muda mfupi: fika hospitali siku hiyo hiyo.