SOMO: Jina la babu halitokei ukisachi? Mfuate kwenye sensa isiyo na indeksi

Kamwene wana Iringa na Njombe, ndaga wa Tukuyu na Kyela, wengine wote habari zenu. Swali linalonifuata sana inboksi ni hili: nimeandika jina la babu sijaona kitu, ina maana hayupo? Hapana jamani. Ina maana hakuna mtu aliyekaa akalinakili jina lake kwenye orodha ya kusachi (ndiyo indeksi yenyewe), au alilinakili vibaya. Picha ya ukurasa inaweza ikawa mtandaoni bure kabisa, na yeye yumo na mke na watoto, ila kompyuta haimjui. Kwa hiyo leo tunamfuata bila kusachi jina.

Mfano ni wa familia moja ya Chunya, wameniruhusu ila majina siweki. Babu yao mzaa mama alikuwa Mmarekani, alifika machimbo ya Lupa, hukohuko Chunya, miaka ya 1930 wakati ule wa dhahabu, akazaa na bibi yao, baadae akaondoka kimya. Walichobaki nacho ni bahasha tu ya barua kutoka kwa wazazi wake, ina adresi ya Butte, Montana, mji wa machimbo ya shaba huko Marekani. Wao walikuwa wanahangaika na jina la ukoo, mimi nikawaambia nipeni hiyo bahasha.

HATUA YA 1: Tafuta mahali, jina baadae

Vitabu vya sensa havikupangwa kwa A B C. Vimepangwa jinsi karani alivyotembea, nyumba hii, inayofuata, anakata kona, anaendelea. Mnakumbuka Agosti 2022 makarani wetu na vishkwambi, kila mmoja na eneo lake la kuhesabia? Ni hivyohivyo, ila wale walikuwa na kalamu ya wino na karatasi kubwa. Sasa kama unajua babu aliishi wapi unajua karani gani alimpitia, na ukijua karani umepata kitabu.

Adresi inatoka wapi? Bahasha, pasi ya zamani, cheti cha ndoa, nyuma ya picha (geuzeni picha jamani, watu hawageuzi). Kwa miji mikubwa ya kule kulikuwa na direktori, kitabu kinachotoka karibu kila mwaka kina jina la mtu, kazi yake na nyumba anayoishi, na nyingi zimeshaskaniwa. Na wazee wa nyumbani waulizeni mapema, usimuulize bibi mwaka, muulize ilikuwa kabla ya vita ya Hitler au baada, mama alikuwa anatambaa au anaenda shule, hapo atakupa jibu la kueleweka.

HATUA YA 2: Jua sensa ipi iko wazi

Kila nchi ina muda wake wa kufungia majina. Marekani ni miaka 72, ndio maana ya 1940 ilifunguliwa Aprili 2012 na ya 1950 ikafunguliwa Aprili 2022. Canada ni miaka 92, ya 1931 imefunguliwa Juni 2023 na mwanzoni ilikuwa picha tupu, unatafuta kwa wilaya na sehemu ya wilaya, majina yamekuja baadae. Uingereza wanasubiri miaka 100.

Kwa mzee wetu tukachukua 1940, maana hata kama yeye alikuwa huku Lupa wazazi na ndugu zake walikuwa kule. Najua kuna mtu atasema mbona 1940 ina indeksi siku hizi. Ndiyo, ila jina la hii familia ni la ulaya mashariki, limejaa herufi zinazogongana, na aliyelinakili alilisoma hadi halifanani na chochote, kwa hiyo kwetu ilikuwa sawa na haina.

HATUA YA 3: Geuza adresi kuwa namba

Marekani iligawanywa vieneo vya kuhesabia, kila kimoja kina namba, wenyewe wanaita ED. Namba ina vipande viwili na kistari katikati, cha kwanza ni kaunti, cha pili kieneo chenyewe. Ukubwa wake ulipimwa kwa kazi ya karani mmoja, mjini amalize ndani ya wiki mbili, vijijini mwezi.

Kuna tovuti ya bure ya Steve Morse, unachagua mwaka, jimbo, kaunti, mji, halafu mtaa. Mtaa mrefu utakupa ED nyingi, usiogope, ongeza mitaa inayoukata kwa juu na kwa chini zitapungua. Ramani za hivyo vieneo na maelezo ya mipaka yake ziko kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Marekani, mimi huwa napitia ramani hata kama tovuti imenipa ED moja, kwa sababu mtaa ukiwa ndio mpaka basi upande wa kushoto una karani wake na wa kulia una mwingine. Na namba ya 1930 usiibebe kwenda 1940, zinabadilika.

HATUA YA 4: Ingia kwenye picha

FamilySearch ni tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, akaunti ni bure. Tafuta sensa, usiandike jina, chagua kupitia picha, shuka jimbo, kaunti, mji, ED. Utaona imeandikwa picha ya 1 kati ya ngapi, na kibox cha kurukia namba unayotaka.

Hapa ndio wengi wanachoka kwa sababu wanasoma majina. Usisome majina! Soma pembeni kushoto, jina la mtaa limeandikwa kwa wima, pembeni yake namba za nyumba. Unashuka na mtaa wako tu, ukiuona ndio unapunguza mwendo uangalie namba. Namba zitaruka, zitarudi nyuma, karani alikuwa anazunguka kitalu kizima hakuwa anafuata mtaa mmoja mwanzo mwisho, kwa hiyo mtaa wako unaweza kutokea ukurasa wa 3 halafu tena wa 11.

Familia ya Butte ilitokea hivyo, nyumba ileile ya kwenye bahasha. Baba mchimbaji wa shaba, mama, na dada wawili ambao hata Chunya hawakujua kama wapo.

HATUA YA 5: Usifunge kabla ya kurasa za mwisho

Hii watu hawaijui. 1940 kama karani hakukuta mtu nyumbani alimwandika baadae kwenye karatasi zinazoanzia 61A (A na B ni pande mbili za karatasi), na wageni wa mahoteli na sehemu za kulala wapita njia wako 81A kwenda mbele. Kwenye sensa ya 1950 waliokosekana mara ya kwanza wanaanzia karatasi ya 71. Kwa hiyo ukifika ukurasa wa 20 ukaona namba imeruka ghafla, hujapotea, endelea. Wachimbaji na vibarua wa kupanga vyumba huwa wako humo.

HATUA YA 6: Andika ulipompata

Mwaka, jimbo, kaunti, ED, namba ya karatasi na A au B yake, mstari. Skrinshoti peke yake haitoshi, miezi sita baadae utakuwa nayo kwenye simu hujui ilitoka wapi. Chukua na ukurasa wa kabla na wa baada, majirani mara nyingi ni mashemeji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tukuyu): Mwalimu shikamoo. Sisi hatuna mzungu kwenye ukoo, ni Wanyakyusa watupu. Sensa ya 1948 na ya 1957 za mkoloni nazipata wapi nimuone babu?

Jibu: Marahaba. Za kwetu zilizotolewa ni hesabu tu, watu wangapi wilaya gani, fomu zenye majina hazijawekwa wazi. Hizi za baada ya uhuru kuanzia 1967 nazo ni hivyohivyo, majina ni siri kisheria. Sensa yako wewe ni kitabu cha ubatizo. Wamoravian wamefika Rungwe 1891, Waluteri wa Berlin mwaka huohuo, Wakatoliki wa upande wa Iringa waulize misheni ya Tosamaganga. Utaratibu ni uleule, kwanza ujue babu alikuwa usharika gani, halafu kitabu, halafu miaka, halafu ukurasa kwa ukurasa, iwe picha ya mtandaoni au kitabu chenyewe kabatini kwa mchungaji. Angalia mambo matatu. Kama alibatizwa ukubwani anaweza kuwa alipewa jina jipya, tafuta la zamani pembeni. Wajerumani waliandika Mua- badala ya Mwa-, na j mahali pa y. Na ule mwandiko wao wa zamani, e inafanana na n, s ya katikati ya neno ni ndefu kama f, tafuta jedwali la herufi za Kurrent uliprinti uliweke mezani. Mwandiko wa mmishonari mmoja ukishauzoea kurasa kumi, zilizobaki zinateleza.

Swali (Mafinga): Mkuu mimi naona alama ya kamera ina ufunguo juu yake, nikiklik inakataa. Kuna jamaa anasema nimtumie elfu hamsini anifungulie.

Jibu: Usitume hata mia. Kamera tupu ni picha unaziona popote, kamera yenye ufunguo ni kwamba aliyemiliki nyaraka ameweka masharti, nyingine zinafunguka tu ukiwa kwenye kituo cha FamilySearch au maktaba wanazoshirikiana nazo. Huyo jamaa hana ufunguo wowote.

Swali (Chunya): Nimempata mtu kama babu ila umri umepungua miaka minne na jina limeandikwa tofauti. Ndio yeye au najidanganya?

Jibu: Dada, mtu mmoja peke yake usimhukumu, angalia nyumba nzima. Mke, watoto kwa mpangilio wao, kazi, mahali alipozaliwa, na kwa 1940 kuna safu inasema alikuwa anaishi wapi 1935. Vitatu vinne vikikubaliana, umri uache. Halafu tafuta alama ya X ndani ya duara pembeni ya jina, huyo ndiye aliyejibu maswali. Kama ni mama mwenye nyumba aliyepangisha, unategemea angejua mpangaji ana miaka mingapi?

Swali (Iringa): Wa kwetu alitokea Uingereza, alikuwa na shamba la chai Mufindi. 1931 mbona siioni kabisa?

Jibu: Hutaiona. Ya England na Wales iliungua moto 1942, na 1941 hawakuhesabu sababu ya vita. Rukia 1921, halafu kuna Rejista ya 1939, orodha ya wakazi iliyoandikwa Septemba vita ilipoanza. Kama ni Mskoti una bahati, 1931 ya kwao haikuungua ila haijafikisha miaka 100.

Swali (Uyole): Kaka hizi picha zinamaliza bando! Kuna njia?

Jibu: Ipo. Usifungue kurasa moja moja toka mwanzo, weka zile picha ndogo ndogo zinazoonyesha kurasa nyingi kwenye skrini moja, halafu ruka katikati uone mtaa gani, kisha ruka robo, mbele au nyuma, uone mwingine, utapata picha ya karani alivyozunguka. Vuta kubwa zile tu unazozihitaji. Tumia laptopu kama unaweza kuazima, kwenye simu utazumu hadi macho yaume. Na bando la usiku ni bei rahisi, chai iwe karibu maana baridi ya Uyole naijua.